Daktari wa Sijui

Shangazi yangu ndiye aliyembandika jina hilo, na alilibandika kwa hasira. Asubuhi moja nilikuwa nimeamka jicho la kulia linaona kama kupitia kioo cha bafuni kilichojaa mvuke, na kila nikilizungusha linauma. Nikapelekwa hospitali, nikapimwa, nikarudishwa nyumbani bila maelezo ya kumtosha mtu. Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea London kabla wazazi wangu hawajafika, hakuridhika. Akafunga safari kutoka Wembley hadi katikati ya mji, akabadili treni, akangoja kwenye benchi mpaka miguu ikaingia ganzi, ili amuulize Daktari swali moja tu: kwa nini mtoto huyu? Jibu alilopewa lilikuwa neno moja. Alirudi nyumbani akavua koti, akalitupa kitini.

"Ati sijui!" akasema. "Kasoma miaka yote ile, kaja kuniambia hajui. Kutojua ninako mwenyewe hapa hapa nyumbani, nauli ya nini?"

Shangazi hakungoja neno la pili. Daktari kila aliposema "sijui" aliongeza "tutazame", na baada ya hapo alitazama kweli. Lakini ilituchukua muda mrefu kulisikia neno hilo la pili, na wakati huo jina lilikuwa limekwisha kuenea Wembley hadi Harrow.

Alikuwa Muhindi wa Mombasa, daktari wa mishipa ya fahamu, na kazi yake kubwa ilikuwa utafiti. Alizaliwa nyumba gani, nani walikuwa wazee wake, kwa nini hakuolewa, hayo sikuyajua wala sikuyauliza, ingawa wanawake wa mtaani walikuwa na majibu yao. Mimi nilimjua kama mgonjwa anavyomjua daktari wake, na kwa miaka mingi kiasi hicho ni kumjua sana. Alivaa sari, juu ya sari koti la kiume lililomfika chini ya magoti, na akiwa ofisini kwake alivaa kandambili juu ya soksi nene za sufu. Alikaa Harrow kwa kaka yake, na kila siku alipanda treni ya Metropolitan akiwa amekumbatia mkoba mweusi wa ngozi, kama mama aliyepakata mtoto anayetaka kulala.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na nyundo ndogo ya mpira, uma wa chuma wa meno mawili ambao akiugonga ulilia na kutetemeka, pakiti ya karafuu, na kifungo chekundu. Watoto wa nyumba zote aliuweka ule uma kwenye vifundo vya miguu yao, hata wasioumwa, kwa sababu walimfuata mpaka awawekee. Kifungo kilitoka kwetu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Unguja na akaendelea kuwa fundi cherehani Wembley, chumba cha mbele, cherehani dirishani. Siku ya kwanza Daktari alipokuja nyumbani, alimwomba Baba kifungo chekundu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Baba akamwaga kopo zima mezani, wakaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga kama watu wanaochagua vito. Kilipopatikana, Daktari alinigeukia.

"Funika jicho la kushoto. Sasa la kulia. Wekundu ni sawasawa?"

Haukuwa sawasawa. Kwa jicho la kulia kifungo kilikuwa kama kimefuliwa mara nyingi kikaanikwa juani. Daktari alifurahi sana, si kwa sababu jicho langu lilikuwa bovu, bali kwa sababu kifungo kilikuwa kizuri. Hospitali walikuwa wamempa pini yenye kichwa chekundu, akasema, lakini wekundu wake ulikuwa wa kizungu, umepoa. Akakiomba kifungo cha Baba moja kwa moja.

Baba aliuliza ugonjwa wenyewe ni nini. Pasi yake ilikuwa imesimama pale pale mezani, na waya wake ulikuwa wa aina ya zamani, uliovikwa kitambaa, umechakaa karibu na mpini.

"Hebu tazama hapa," Daktari alimwambia. "Umeme wapita ndani. Hiki kitambaa chaulinda. Kikichakaa, umeme haufiki vizuri, mara wafika, mara haufiki, mara wakupiga. Mishipa ya fahamu yake pia ina kitambaa chake. Na mwenye kukikwaruza ni mwili wake mwenyewe."

"Mwili wake mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Sijui, Kaka. Tutazame."

Baba alibadilisha waya wa pasi wiki ile ile. Mimi nilijitia sikuona.

Kwa wakati ule dawa ya kuuondoa ugonjwa haikuwepo, na Daktari hakuuficha ukweli huo. Palikuwa na sindano za kutuliza pale ugonjwa unapopanda, na baada yake kungoja. Jicho langu lilirudi kiasi, kisha mwaka uliofuata mguu wa kushoto ukaanza kulegea, ukapona, ukalegea tena. Harrow palikuwa na daktari mwingine, mwenzetu vilevile, aliyejua kila kitu. Ukienda kwake na mguu unaokufa ganzi alikuambia ni damu nzito, au ni gesi, au ni kuoga maji baridi, na ulitoka na chupa mkononi na moyo umetulia. Chumba chake cha kungojea kilijaa. Kwa Daktari wetu ulitoka mikono mitupu, na watu hawakumpenda kwa hilo.

Lakini kidogo kidogo tukaanza kuona. Yule wa Harrow alipotuambia jambo, tulilazimika kuuliza na kwa mwengine. Daktari wetu akisema "ndiyo", ilikuwa ndiyo. Alinambia jicho litarudi lakini halitarudi lote, likawa hivyo. Alimwambia mama mmoja wa Ilford kwamba mikono yake si ugonjwa huu, ni shingo, na ikawa shingo kweli. Shangazi mwenyewe, aliyembandika jina, ndiye aliyekuja kuligeuza. "Huyu," akawaambia wenzake jikoni, "akisema anajua, basi anajua. Kwa nini? Kwa sababu akiwa hajui anasema." Na alijisifu kana kwamba yeye ndiye aliyemsomesha.

Alikuwa na vituko vyake. Aliogopa ngazi za umeme za stesheni. Mwanamke aliyeshika ubongo wa binadamu mikononi bila kukunja uso alisimama mbele ya ngazi zile akinyanyua sari kidogo, akarudi nyuma, akenda kutafuta ngazi za kawaida. Ramadhani alipokuja kwetu hakugusa hata maji, ingawa yeye Mbaniani na hakuna aliyemtaka afunge. Siku moja alimkuta maalim ananisomea dua, akakaa kwenye ngazi za nyumba na mkoba wake magotini mpaka sauti ikakoma, ndipo akaingia na kusema, "Haya, sasa zamu yangu." Maalim alicheka, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana mtaani.

Na kulikuwa na vita vya mafuta. Hospitali palikuwa na kipimo kipya wakati ule: unakaa gizani mbele ya kioo chenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi, na nyuma ya kichwa umebandikwa nyaya za kusoma jinsi macho yanavyopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa uliokwaruzwa hupeleka habari kwa kuchelewa. Shida ilikuwa kwamba sisi hatukujua kwenda mbele ya daktari hivi hivi. Mama zetu walituandaa kama tunakwenda harusini, nywele zimeoshwa, zimechanwa, zimepakwa mafuta ya nazi mpaka zinang'aa. Nyaya hazishiki kwenye kichwa chenye mafuta. Watu wa maabara waliwarudisha wagonjwa wetu mmoja baada ya mwengine, wakadhani tunakataa kupimwa. Daktari ndiye aliyeelewa. Akawa anapiga simu nyumbani siku moja kabla. "Kesho mtoto asipakwe mafuta," anamwambia mama wa watu. "Hata kidogo. Najua. Najua ni aibu. Mlete hivyo hivyo." Na yeye mwenyewe, wakati anaongea, nywele zake zilinukia nazi kutoka upande wa pili wa chumba.

Utafiti wake ulikuwa juu yetu sisi. Ugonjwa huu ulijulikana kuwa wa nchi za baridi, na huko tulikotoka ulikuwa nadra kuonekana. Sasa tulikuwa tumehama, sisi wa Unguja na Dar na Nairobi, na wale wa Uganda waliofukuzwa wakafika wote kwa mkupuo mmoja, wamevaa makoti ya kupewa. Daktari alitaka kujua: mtu akihama, anakuja na bahati ya alikotoka au anachukua ya alikokwenda? Wataalamu walikuwa na fununu kwamba aliyehama mkubwa hubaki na ya kwao, na aliyehama mdogo huchukua ya ugenini. Kwa hiyo jambo kubwa kwake lilikuwa umri wa mtu siku aliyofika.

Na hapo ndipo alipokwama kila mtafiti isipokuwa yeye. Kwa watu wetu umri haukuwa mmoja. Mtoto alipunguzwa miaka aingie kwenye pasipoti ya baba yake kabla hajapita umri, au aliongezwa aweze kusafiri, au kufanya kazi, au kuolewa. Nilikuwa nimelala kitandani ukumbini hospitali nikingoja kupelekwa kipimoni, nikamsikia daktari kijana wa Kiingereza akimwambia Daktari wetu kwamba wahamiaji hawa ni waongo, majibu yao hayafai kitu. Daktari hakupandisha sauti.

"Si waongo," alimjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Wana umri wa serikali na umri wa mama. Wewe umeuliza wa serikali, wamekupa wa serikali."

Yeye aliuliza wa mama, na hakuuliza kwa kutaja miaka. Aliingia nyumbani, akakubali chai, akauliza: ulipokuja, begi lako ulibeba mwenyewe au ulibebewa? Sauti yako ilianza kuwa nzito wapi, kule au huku? Saumu yako ya kwanza ulifunga wapi? Meno ya utoto yalikwisha kung'oka? Watu walijibu wakicheka, kwa sababu nani anaogopa kusema jino lake lilitoka wapi. Katika nyumba zile za Wembley zenye kuta za kushirikiana alipata ukweli ambao watu wa uhamiaji wa Home Office wasingeupata kwa viapo.

Kwetu alikuja Jumapili moja mchana. Tulikuwa sebuleni, Baba, Shangazi, mimi na yeye. Baba alikuwa amejitayarisha. Kabla Daktari hajauliza chochote, aliweka pasipoti yangu ya zamani mezani, akaigonga kwa kidole.

"Alifika na miaka kumi na mitano," akasema. "Mkubwa kabisa. Imeandikwa."

Hapa inafaa nieleze. Baba alinitanguliza London peke yangu, kwa sababu miaka ile hali ya wasichana wa Kihindi Unguja ilikuwa ya wasiwasi, wengine wakiozwa kwa nguvu, na ruhusa ya familia yote kuondoka haikuwa imepatikana. Mtoto mdogo hasafiri peke yake kwenda kusoma ng'ambo, kwa hiyo akaniongezea miaka mitatu. Nilikuwa mrefu, nikafundishwa kukaa kimya na kutocheka ovyo, nikapita. Hakuna aliyemlaumu, nilimshukuru na bado namshukuru. Lakini habari ya utafiti ilikuwa imekwisha kumfika msikitini, ya aliyekuja mdogo na aliyekuja mkubwa. Baba hakuwa akiiogopa serikali tena, karatasi zetu zote zilikuwa sawa. Alichoogopa ni kingine. Kama nilikuja mkubwa, ugonjwa wangu ulikuwa wa Mungu tu. Kama nilikuja mdogo, basi mkono ulionipeleka kwenye ugonjwa ulikuwa wake.

Daktari hakuigusa pasipoti. Alimgeukia Shangazi, akapuliza chai yake.

"Dada, siku alipofika binti, ulimpokea vipi?"

Shangazi hakuwa mtu wa kunyimwa hadithi. "Nimpokee vipi? Kafika analia! Jino! Gego la utoto linacheza, amelishika kwa ulimi kutoka Unguja mpaka hapa. Asubuhi likatoka, akataka kulirusha juu ya paa, kama kwetu, aombe jipya. Nikamwambia mwanangu, huku mapaa si ya bati. Haambiliki! Karusha, likateleza likarudi. Karusha tena, likagonga kioo cha dirisha la yule mama wa Kizungu wa jirani. Kaja mbio, anadhani tunampiga mawe! Mume wangu na pajama lake kwenye baridi, anamweleza jino kwa ishara..."

Tulikuwa tumekwisha kucheka hadithi ile mara nyingi, na nilianza kucheka. Kisha nikamwona Baba. Alikuwa anaitazama pasipoti kana kwamba imemsaliti. Shangazi naye akamwona, akakishika kikombe chake.

"Chai yako imepoa, dada," Baba akamwambia.

Daktari alikuwa na kalamu mkononi. Aliifunga, akaitia mkobani. Hakuuliza tena swali lolote siku ile, akaomba andazi jingine, akalila taratibu, akazungumza habari ya bei ya nazi Harrow. Alipoondoka, Baba alimsindikiza hadi mlangoni, nami niliwasikia.

"Alikuja mkubwa, Daktari. Andika mkubwa."

"Nimesikia, Kaka," akamjibu.

Miaka iliyofuata Baba alibeba mzigo ule bila kuutaja. Alimuuliza mfamasia, alimuuliza maalim, alimuuliza hata mzee mmoja wa Kizungu kwenye kituo cha basi, kila mara akianza na, "Kuna mtu namjua, alimleta mtoto huku akiwa mdogo..." Nikijikwaa aligeuza uso upande wa dirisha. Nilipoanza kutembea na fimbo aliinunua yeye, akauvisha mpini wake kitambaa laini, akaushona vizuri sana, kisha asiweze kunitazama nikiitumia. Nilimpenda, na nilimchukia kidogo kwa huzuni yake, kwa sababu mguu ulikuwa wangu na nilitaka huzuni ya mguu nayo iwe yangu. Nilimwambia mara moja kwamba sijali nilipata wapi ugonjwa. Alisema, "Wewe hujali. Mimi ndiye niliyekukatia tiketi."

Kisha moyo wake ukachoka. Daktari wa moyo alisema hakuna la kufanya ila kumwacha apumzike nyumbani, tukamwekea kitanda chumba cha mbele, mahali pa cherehani. Daktari wetu alikuja kumtazama. Hakuja na nyundo wala uma, alikuja na mfuko wa machungwa. Ilikuwa alasiri ya mechi, watu wanapita dirishani kwenda uwanjani wakiimba, na Baba alitabasamu akasema Waingereza wanamwimbia yeye. Nilikuwa nimekaa miguuni pake. Kisha akamwita Daktari asogee.

"Nina swali," akasema. "Na leo sitaki ile sijui yako."

"Uliza, Kaka."

"Mwanangu ugonjwa huu nimemtia mimi? Kwa kumleta huku mdogo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kwamba nilikuja mdogo. Nilimtazama Daktari. Nilijua jibu lake, sote tulilijua, lilikuwa jina lake. Nilitaka kumwomba kwa macho asilitamke, lakini yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama Baba.

"Hapana," akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka, nikaona mikono yake, ambayo kwa miaka ilikuwa haitulii hata akiwa usingizini, imelala juu ya blanketi kama mikono ya mtu mwengine. Kisha akaomba chai, tangawizi nyingi. Akainywa yote. Shangazi alipoingia kuchukua kikombe, Baba mwenyewe alianza kumwiga mama wa Kizungu akitoka mbio na jino mkononi, akacheka mpaka tukaogopa kwa moyo wake. Alifariki kabla baridi haijaisha, na siku zote zile za mwisho alinitazama nikitembea.

Mimi ndiye niliyebaki na swali. Niliendelea kwenda kwa Daktari, mwaka baada ya mwaka, akinigonga magoti na kuninyanyulia kifungo, na sikumuuliza. Kama siku ile alisema kweli, nilitaka iwe hivyo bila kuigusa. Kama alidanganya, yule mtu pekee niliyemjua asiyedanganya, basi sikujua nifanye nini na mambo mengine yote aliyowahi kuniambia. Dawa zikaja, moja baada ya nyingine, na nyingine zilinifaa. Yeye akastaafu. Tukawa tunapigiana simu siku za Idi na Diwali.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amehamia Ilford kwa binti ya kaka yake. Nilikwenda kwa ile treni mpya ya Elizabeth, isiyonisumbua na kigari changu cha kutembelea. Msichana mdogo alinifungulia mlango. Nikamuuliza kwa Kiswahili bibi yuko wapi, akaelewa vizuri kabisa, akanijibu, "She's in the back, she's been asking for you since breakfast," kwamba yuko chumba cha nyuma, ananiulizia tangu asubuhi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono, amekuwa mdogo mno, soksi za sufu na kandambili miguuni. Mkoba ulikuwa mezani. Tukazungumza habari za watu waliokufa na walioolewa. Akanieleza kwamba siku hizi wataalamu wamefika mbali, wanasema habari ya virusi vya utotoni, habari ya kukosa jua, habari ya damu na ukoo, na kila mmoja ana lake. Macho yake yaling'aa akieleza. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Daktari, siku ile Baba alikuuliza kama ni yeye, ukamwambia hapana. Ulikuwa unajua?"

Alijipapasa magoti.

"Ugonjwa wako ulitoka wapi? Sikujua. Na leo sijui. Huenda ungeumwa hata ungebaki Unguja, huenda usingeumwa."

"Na karatasini uliandika nini?"

"Niliandika ulikuja mdogo, kama jino lilivyosema. Kwenye kazi yangu sikumdanganya mtu."

"Basi Baba ulimdanganya."

"La, mwanangu." Aliinama mbele, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda. "Baba yako hakuniuliza ugonjwa ulitoka wapi. Aliniuliza kama alikutendea ubaya. Mimi nilikuwa nimekaa nyumba ile miaka yote, nimemwona. Hilo nalijua. Hilo halikuwa na haja ya kutazama."

Machozi yakanitoka. Akaniacha nilie, hakunipa kitambaa wala hakuniambia ninyamaze, akavuta mkoba, akatafuta ndani kwa vidole vilivyopinda mpaka akapata alichokitaka. Kifungo cha Baba kilikuwa bado chekundu kuliko kitu chochote chumbani mle. Akakinyanyua.

"Haya. Funika jicho la kushoto. Sasa la kulia. Sawasawa?"

Nilifunika moja, nikafunika jingine, na kote kuwili niliona wekundu unaogelea tu.

"Sijui, Daktari," nikasema.

Akacheka kwa furaha, kama siku ile ya kwanza mbele ya kopo la vifungo, akazidi kukisogeza karibu.

"Tutazame," akasema.